Bega la Mama Zaituni

Vijana wangu wa kamati, juzi mjumbe wenu aliniletea barua mbili kwa mkono mmoja. Ya kwanza inaniomba, kwa heshima zote, niandike kumbukumbu za kazi yangu ya kutunza uzio wa mtaa wetu, ziingie kwenye kijitabu chenu cha urithi. Ya pili inanionya, kwa heshima zilezile, kwamba nimeuharibu urithi huo kwa kufyeka uzio wa nyumba namba tisa, na kwamba nikirudia nitafutwa uanachama. Bahati nzuri nilizisoma nikiwa nimekaa. Basi naandika mliyoomba katika ya kwanza, na humo humo mtakuta majibu ya ya pili.

Nyumba namba tisa ni ya Mama Zaituni. Yuko hospitali, nyonga imevunjika, na binti yake Zaituni amekuja kutoka Mwanza kumchukua. Zaituni ameniambia waziwazi kwamba kamati ikikubali kushusha uzio wa mtaa mzima, mama yake atapona na kurudi kwake. Isipokubali, anaondoka naye, na mama hataki kuondoka. Mnakutana Jumatano. Mimi sina kura, nina kalamu tu, kwa hiyo someni kabla hamjafungua soda za mkutano.

Kwa wageni watakaokipata kijitabu hiki, nieleze kidogo. Mtaa wetu uko pembeni mwa mji wa Singida, upande wa barabara ya kwenda Mtinko. Waliouanzisha walikuwa walimu, wauguzi, madereva na wakulima wa alizeti, wengine wametoka Ulemo, wengine Ikungi, wakaunda chama cha ushirika cha nyumba na kuchoma matofali wenyewe. Mpima ramani aliyewachorea alikuwa amesoma mbali na kurudi na ndoto ya mji wa bustani. Kila nyumba ikapewa bustani mbele na nyuma, nyumba zote zikauzunguka uwanja mmoja wa pamoja, na hakuna ukuta popote. Mipaka yote alitaka iwe ya maua ya waridi. Waridi zilidumu mpaka alipopita mbuzi wa kwanza.

Ndipo wazee wakapanda minyaa, ile ya vijiti vya kijani vyenye utomvu mweupe kama maziwa. Mbuzi haili, jua haliiui, na upepo wa Singida, ambao umeshampeperushia kila mmoja wenu kofia yake, hauing'oi. Halafu wakaandika kanuni moja ambayo mpima ramani hakuielewa mpaka anastaafu: uzio usizidi bega. Sababu ni rahisi. Mtu akipita njiani amwone mzee aliyeko barazani, amwamkie. Akikuta baraza tupu saa ambayo mzee huwa amekaa, apige hodi aulize kulikoni. Hapakuwa na mlinzi wala kengele katika mtaa huu. Palikuwa na shikamoo.

Mimi niliajiriwa kumsaidia Mzee Ntandu, mtunza uzio wa kwanza. Alikuwa Mnyaturu mfupi mwenye maneno machache, na yale machache aliyabakiza kwa ajili ya kunitukana. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuziba pengo kwenye uzio wa zahanati. Nikakata vijiti vya minyaa vibichi, maziwa yakichuruzika, nikavichomeka ardhini palepale na kuvimwagilia maji ndoo nne. Nikajipongeza. Baada ya wiki mbili vilikuwa vimeoza vyote. Mzee Ntandu aling'oa kimoja, akakisogeza puani kwangu.

"Harufu ya nini hiyo?"

"Ya kuoza, mzee."

"Hapana. Ya haraka."

Basi andikeni hili kwenye kijitabu chenu, lina faida kuliko picha ya mwenyekiti: kijiti cha minyaa ukikikata, kilaze kivulini siku nne au tano mpaka kidonda chake kikauke. Ndipo ukipande, na usikimwagilie. Huu ni mmea wa nchi kavu, ukiubembeleza kwa maji unakufa. Nimewaona maafisa wengi wakija hapa na mabomba yao, na uzio wa ofisi zao wote umeoza chini.

Kosa langu la pili ndilo lililonipa jina mtaani. Mzee Ntandu alisafiri kwenda msibani Ikungi, akaniachia kupunguza uzio wote kabla ya mvua. "Mpaka begani," aliniambia, nami nikaitikia. Mimi, kama mjuavyo, ni mrefu. Mlangoni naingia nimeinama. Nikapima bega langu, nikafunga kamba, nikakata uzio wa nyumba arobaini ukanyooka kama meza. Mzee aliporudi alikuta mtaa unawaka moto. Yule katekista mstaafu wa nyumba ya kona alikuwa amewashtaki watoto kumi na mmoja kwa kupita mbele yake bila kumwamkia. Watoto wanaapa hawakumwona. Wazazi wanasema watoto wao wamefundishwa adabu. Mabalozi wawili hawasemezani. Katekista mwenyewe alikuwa amekaa barazani siku tano anangoja shikamoo, na alichokiona ni vichwa vya wanaume warefu tu, nao walidhani hayupo.

Mzee Ntandu hakunipigia kelele. Alinishika mkono mpaka nyumba namba tisa, akabisha hodi. Akatoka Mama Zaituni, wakati huo mama kijana, mpishi wa shule, mikono imejaa unga. Alikuwa mtu mzima mfupi kuliko wote katika chama, na ulimi wake ulifidia.

"Amekata kwa bega la nani huyu?" aliuliza, akinitazama kutoka chini kama anayetafuta paa la nyumba.

"La kwake," akasema Mzee Ntandu.

"Basi akaishi huko juu peke yake."

Akaja akasimama kando ya uzio, na Mzee Ntandu akatia alama kwa panga usawa wa bega lake. Hapo nikafundishwa kwamba bega la kanuni ni la mwanachama aliye mfupi kuliko wote, kwa sababu naye ana haki ya kuona na kuonekana. Nilirudia nyumba arobaini zote kwa wiki tatu. Watoto wakaniita Twiga, na wajukuu zao mpaka leo mnaniita hivyo mkidhani sisikii.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila mwaka kabla ya mvua tulimwita Mama Zaituni asimame, tukapima, tukaiita Siku ya Bega. Alikuja huku akilalamika kwamba tunamsimamisha kama ng'ombe wa mnada, na mwaka ambao tulichelewa kumwita alikuja ofisini kuuliza kama tumepata mfupi mwingine. Kadiri alivyozeeka na mgongo ukainama, uzio nao ulishuka naye, mwaka huu kidole, mwaka ule kidole. Mtu akilalamika kwamba uzio wake umekuwa mfupi mno, tulimwambia aende akamlalamikie mwenye bega. Hakuna aliyethubutu.

Msidhani hapakuwa na wakorofi. Alihamia mfanyabiashara mmoja akajenga ukuta wa tofali na geti jeusi, juu chupa zilizovunjwa. Kamati ya wakati ule haikumwandikia barua yoyote. Ilitangaza tu kwamba kwa kuwa jirani yetu haonekani, atasalimiwa getini. Kesho yake alfajiri Mama Zaituni akagonga. "Hodi! Umeamkaje, baba? Familia haijambo? Kuku hawajambo?" Akatoka yeye, akaja mwingine. Nyumba arobaini, kila siku, na wale wazee wa Kinyiramba hawajui salamu fupi. Wanauliza mpaka habari za shamba la shemeji yako. Alivumilia wiki tatu. Wiki ya nne akaja kuniomba vijiti vya minyaa, nikamwambia avilaze kwanza kivulini.

Kuhusu kazi yenyewe, maneno machache kwa atakayeirithi, kama yupo. Simama upepo ukiwa mgongoni mwako. Hapa kwetu upepo hubadilika bila kuomba ruhusa, na maziwa ya minyaa yakiingia machoni utaimba. Mimi niliimba, tena kwa Kinyaturu. Yakikuingia usifikiche, osha kwa maji mengi, tena na tena, halafu ukimbie zahanati. Panga lifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, la sivyo utomvu utaligandisha. Acha uzio uwe mpana chini kuliko juu, ili jua lifike miguuni, vinginevyo chini kunakuwa na matundu ya kupitia kuku. Na usikate ukiwa na hasira. Hili la mwisho nimelivunja mara moja tu, mtaliona mbele.

Mashine ya kukatia uzio ilipokuja nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Kamati iliniambia nikae kando nione maendeleo. Kijana aliyetumwa nayo alivaa kaptula, akaiwasha upepo ukimpiga usoni. Minyaa ikikatwa kwa panga inadondosha maziwa. Ikikatwa kwa mashine inayatawanya kama mvua ya rasharasha. Tulimpeleka zahanati amefumba macho, na mashine mpaka leo iko stoo, imeorodheshwa katika mali za chama.

Sasa nifike kwenu. Nilipostaafu mwenyekiti akawa Daudi, mtoto wa nyumba namba kumi na nne. Ni kijana msomi, suruali yake haina mkunjo mahali pasipotakiwa, na ninakiri alikuwa na nia njema, jambo linalonitia uchungu zaidi. Alisoma mahali kwamba mitaa kama huu wetu huhifadhiwa. Akamleta mtaalamu. Mtaalamu akauzunguka mtaa kwa nusu saa, akaukuna uzio kwa kucha, akatangaza kwamba minyaa hii ni urithi hai na haipaswi kuguswa na chuma. Haipaswi kuguswa! Uzio ambao uzima wake wote ulikuwa ni kukatwa! Nikanyoosha mkono mkutanoni.

"Mwanangu Daudi, uzio ukiacha kuukata unakuwa msitu."

"Mzee, tulia kwanza," akasema kwa upole, kama anayemtuliza mtoto. "Hii kitu sasa si yetu peke yetu. Ni ya vizazi vijavyo."

"Na vizazi vilivyopo vitaonana wapi?"

Ukumbi ulicheka, na Daudi akacheka nao, kisha wakapiga kura. Mkaweka vibao vyeupe kila kona: URITHI WA MTAA, USIKATE. Siku ya Bega ikafutwa kwa kuwa hakuna cha kupimwa. Mwaka wa kwanza uzio ulifika kichwani. Wa pili ulinipita hata mimi Twiga, na sasa mkisimama njiani mnaona vichochoro vya kijani tu, kama mko ndani ya shamba la mtama. Wageni wanasema ni kuzuri. Nilikuwa nikipita kwa Mama Zaituni nabisha hodi kila siku, kwa kuwa sikumwona tena kutoka njiani. Ila wiki ile nilikwenda Ulemo kwa kaka yangu anayeumwa. Sikumwomba mtu anishikie zamu, na hilo sijisamehe.

Alhamisi asubuhi Mama Zaituni alikwenda kuchota maji kwenye pipa, akateleza. Alilala nyuma ya uzio wake tangu chai mpaka alasiri, ndipo muuza mkaa aliyezoea kuingiza gunia hadi jikoni akamkuta. Zamani asingemaliza dakika kumi pale chini bila kuonekana. Watoto wa shule, mama wa mboga, dereva anayekwenda kazini, yeyote angeona baraza tupu akauliza. Siku hiyo walipita wote. Walipita hatua nne kutoka kwake.

Nilirudi jioni, nikaenda hospitali kesho yake. Alinisimulia akiwa amelala chali, na kwa mara ya kwanza hakunitania urefu wangu.

"Unajua nani alisimama pale karibu saa nzima?" akaniuliza. "Daudi. Alileta wageni na ile droni yao ya kupigia picha angani. Nikamsikia anawaeleza. Anawaambia, uzio huu wazee wetu waliupanda ili majirani waonane na kujuliana hali. Anaeleza vizuri, baba, hata mimi nilijifunza. Nikaita. Nikaita, 'Jamani! Jamani majirani!' Ile droni inalia kama nyuki, lakini mgeni mmoja alinisikia. Akauliza, 'Nani huyo anaita?'"

Nikamwuliza Daudi alijibu nini.

"Alifurahi," akasema. "Akawaambia, 'Mnasikia? Mpaka leo wanasalimiana kupitia kwenye uzio.' Wageni wakapiga makofi. Halafu wakaondoka."

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja nyumbani kuchukua panga. Sikupima upepo. Sikufunga kamba. Nilifyeka uzio wa namba tisa pande tatu, na nilifyeka nikilia, mkitaka kuliandika hilo kwenye barua ya onyo liongezeni. Kibao chenu nacho kilikuwa njiani, nikakipitia. Sasa ukisimama barabarani unaiona baraza, unaliona pipa, unauona mkeka wake umeachwa nusu umekunjwa. Hivyo ndivyo mtaa huu ulivyokuwa. Jumatano mnakaa. Mruhusuni mama huyu arudi nyumbani kwake.

Nilikomea hapo, nikawapelekea nakala. Leo ni Ijumaa, nami namalizia kwa kuwa mliniambia kijitabu kinangoja.

Mkutano mliufanya. Nimeambiwa maandishi yangu yalisomwa, na kwamba yalisifiwa kwa lugha nzuri. Kuhusu kushusha uzio mkaamua kusubiri ripoti ya mtaalamu. Kuhusu Mama Zaituni mlisikitika sana, mkasimama kimya kidogo, ingawa hajafa. Kisha mjumbe mmoja akatoa hoja kwamba endapo familia itamhamisha, basi namba tisa ifanywe nyumba ya makumbusho, wageni waone jinsi majirani walivyoishi zamani. Hoja ikapita. Miaka yote nilidhani nimezoea upumbavu wa vikao, kumbe nilikuwa mwanafunzi.

Jana Zaituni alikodi gari akamtoa mama yake hospitali. Kabla ya kuishika barabara ya Mwanza walipita namba tisa kuchukua nguo. Mama Zaituni alikaa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, mguu umenyooshwa juu ya mito. Na kwa kuwa pale hakuna uzio tena, watu waliokuwa njiani walimwona. Mama wa mboga aliweka beseni chini. Watoto wa shule wakaja na mabegi yao. Mlango mmoja ukafunguka, ukafunguka mwingine, na baada ya muda mfupi mtaa wote ulikuwa umejipanga kando ya gari lile, watu ambao hawakuwa wamemwona kwa miaka miwili wakati anakaa palepale. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu, mmekuwa wakubwa hivi? Shikamoo, bibi. Marahaba, mjukuu, mama yako ameshajifungua? Aliwajibu mmoja mmoja, kwa majina, na dereva akawa anatazama saa bila kuthubutu kusema kitu. Mimi alinishika mkono, akasema, "Twiga, umekata vibaya, upande wa kushoto umepinda." Nikakubali kwamba umepinda.

Daudi alifika wa mwisho. Alikuja mbio kutoka ofisini, watu wakampisha, akainama mpaka usawa wa dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu, simnyimi hilo.

"Shikamoo, mama."

Mama Zaituni alimtazama. Miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akipewa shikamoo akaacha kuipokea. Walevi aliwaitikia. Yule aliyemwibia kuku alimwitikia kwanza ndipo akamtukana. Sote tulingoja.

"Shikamoo, mama," Daudi akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Mama Zaituni akageuza uso taratibu, akamwelekea dereva.

"Pandisha kioo, baba," akasema. "Twende."